Benchi za Kupokelea Wakwe

Jumamosi, 4 Oktoba

Misumari tena. Tangu asubuhi. Papa anapasua paleti kwa kipande cha chuma, mimi nang'oa misumari, nainyoosha juu ya jiwe, naitia kwenye kopo la maziwa. Msumari ulionyooshwa hauna maana. Ukiupiga tena unapinda palepale ulipopinda kwanza. Nilimwambia Papa. Akasema tutaona.

Nilikuwa na sura nzima ya fizikia ya kusoma. Sikusoma hata ukurasa mmoja.

Papa hajawahi kutengeneza kitu chochote. Alikuwa mkuu wa depo ya shirika moja la misaada, alivaa jile, kizibao chenye mifuko mingi, alisema kwenye redio ya mkononi. Shirika likafunga milango, wakubwa wakapanda gari, Papa akabaki na paleti. Alipewa ruhusa ya kuzichukua. Hayo ndiyo malipo ya kazi yote ile: mbao zilizokuwa zinalaliwa na magunia ya unga. Sasa anashinda akitazama video kwenye simu. Mtu fulani wa Ulaya anageuza paleti kuwa salon, viti na meza za bustani, huku muziki unapiga. Ana mashine ya kukatia, ana mashine ya kutobolea, na uwanja wake umenyooka kama meza. Papa ana nyundo na mimi.

Chanzo ni Furaha. Dada yangu ana mchumba, Olivier, na familia ya Olivier itakuja tarehe kumi na nane kujitambulisha. Wanakaa Muhumba, karibu na ziwa. Furaha alitueleza wazi: shangazi wa Olivier, Maman Georgine, ndiye anayeamua kwao, na amekwisha kusema kwamba familia yetu imeanguka na kwamba Olivier angeweza kupata mchumba pengine. Basi siku hiyo anakuja kutazama kama tumeanguka kweli.

Papa anajua. Tangu alipojua hana habari nyingine ila benchi.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa Mama aliuliza tena kwa nini tusikodi viti vya plastiki kama watu wote. Papa alikataa. Viti vya kukodi vimeandikwa jina la mwenyewe mgongoni kwa rangi nyekundu, na kila mtu wa mtaa wetu wa Nkafu amevikalia kwenye vilio vya misiba. Alisema wageni wa binti yake hawataegemea jina la mtu mwingine.

Kiburi. Ndicho kitu pekee ambacho hatujauza nyumbani.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku mbaya. Tulikuwa tunatoka shuleni, mimi na wasichana wengine wa sixième, darasa la mwisho, tunapanda mlima. Papa alikuwa anapanda pia, mbele yetu kidogo, na paleti mgongoni, amefunga kamba kwenye paji la uso kama wamama wanaobeba mizigo sokoni. Paleti ilikuwa pana kuliko njia. Motari mmoja juu ya pikipiki yake alimpigia honi, akamtukana, akamwambia muzee atafute punda. Wasichana wakacheka.

Nilitazama mfereji. Nilitazama mfereji mpaka tukampita.

Hakuniita. Nadhani aliniona.

Jumamosi, 11 Oktoba

Benchi ya kwanza imekwisha. Ni mbaya. Mbao za kukalia zimeachana kiasi kwamba mtu mwembamba anaweza kupoteza simu humo. Papa aliisimamisha uani, akarudi nyuma, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake mwenyewe. Ikacheza. Tukaigeuza. Ikacheza zaidi.

Bila shaka ilicheza. Kiwanja chetu kimelala kama paa la nyumba, na viwanja vyote vya Nkafu viko hivyo. Nyumba iko juu, uwanja unashuka hadi kwenye ua, chini ya ua kuna paa la jirani. Mtu amekaa hapa tangu kabla sijazaliwa, halafu anakata miguu yote ya benchi kwa urefu mmoja kwa sababu video imemwambia.

Papa alitia mawe chini ya miguu ya mbele. Furaha akaketi kujaribu. Jiwe likaponyoka, akateleza polepole hadi chini, mikono imeinuliwa ili asichafue kucha. Papa alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akasema ataweka mawe makubwa zaidi.

Hapo uvumilivu wangu ukaisha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimechukua kazi. Sikuomba. Nilimwambia Papa aweke msumeno chini.

Si vigumu kwa mtu aliyefungua kitabu. Uwanja ni mstari ulioinama. Unapima upande wa juu, unapima upande wa chini, tofauti yake ndiyo tofauti ya miguu. Nilitumia mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, kama wanavyofanya waashi: maji hayajui uongo, yanasimama sawa pande zote mbili. Miguu ya upande wa juu mifupi, ya upande wa chini mirefu. Kila benchi na mahali pake. Nilichora mahali pa kila moja kwa majivu.

Benchi nzuri, zenye migongo, ni za wakwe. Papa anataka wakae upande wa juu, karibu na nyumba, wakitazama chini, maana kutoka pale ziwa linaonekana kati ya mapaa. Benchi zetu, zisizo na migongo, zitakuwa chini, zikiwatazama wao.

Papa alinishikia mpira wa maji siku nzima kama mwanafunzi. Aliuliza maswali. Mengine yalikuwa ya kijinga na nilimwambia hivyo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Miguu yote imekatwa. Nilitumia mbao za koferaji, za kumwagia zege, zilizotupwa kwenye jengo la jirani, zimejaa simenti, msumeno umekufa meno. Benchi zote zimesimama. Niliweka kikombe cha chai juu ya kila moja, kimejaa hadi ukingoni. Hakikumwagika hata tone.

Majirani wamekuja kukaa. Wanapiga mbao kwa viganja, wanatoa ushauri. Watu ambao milango ya nyumba zao haifungiki wananifundisha mimi mambo ya mbao. Papa aliwaambia wote, mmoja baada ya mwingine: "Ni kadogo kangu ndiye alipiga hesabu."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini sikumwonyesha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Rangi. Buluu iliyobaki kwa jirani ikachanganywa na nyeupe iliyobaki kwetu. Imetoka rangi ya hospitali. Mama ameshona mito kutoka kwenye vitenge vya zamani, ndani ametia vipande vya sponji. Furaha anazunguka na karatasi za nywele kichwani akisema kila kitu kiko sawa, kila kitu kiko sawa. Hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ninaandika haraka kabla hasira haijapoa.

Tonton Bahati, mdogo wake Papa, ndiye msemaji wetu. Alitoka Walungu asubuhi kwa pikipiki, akafika na koti lililojaa vumbi na maoni. Hajawahi kumaliza shule lakini anajua desturi zote, au anajua kwamba sisi hatuzijui, na hiyo inamtosha. Alisimama mlangoni, akatazama benchi. Akauliza wakwe watakaa wapi. Papa akamwonyesha juu.

Tonton alishika kichwa. Alisema watu wanaokuja kuomba binti hawawezi kumtazama baba yake kutoka juu. Waombaji wanakaa chini, wanainua macho. Papa alisema ni kwa ajili ya ziwa. Tonton akajibu kwamba hawakuja kuoa ziwa. Mama akasema basi watu wabadilishane tu, benchi zibaki. Haiwezekani, akasema Tonton: wageni wakalie benchi zisizo na migongo, sisi tuegemee? Benchi zihame.

Nilisema hapana. Nilisema miguu imekatwa kufuata mahali pake. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo hakuna mtu anayeisikia. Wakati huohuo tukasikia makofi kwenye ua, wageni wamekwisha kufika, wamesimama nje wakingoja kuitwa kama inavyotakiwa. Tonton na vijana wa jirani wakabeba benchi za juu kuzipeleka chini, na za chini kuzileta juu. Zile zilizotazama bonde sasa zikatazama mlima. Majivu yangu yakakanyagwa.

Mtu yeyote anaweza kupiga hesabu hiyo. Mguu mrefu uliotengenezewa upande wa chini sasa uko upande wa juu. Kosa halikuwa la mteremko mmoja, lilikuwa la miteremko miwili.

Wakwe waliketi, wakalala. Siongezi chumvi. Walilala chali kama wagonjwa kwa daktari wa meno, magoti juu, viatu vikielea. Sisi, upande wa juu, benchi zilitusukuma mbele. Papa, Mama na Tonton, wote waliinama kama watu wanaoomba mkopo. Tonton Bahati, ambaye alitaka waombaji wainue macho, alitoa hotuba yake yote amejishika magoti ili asianguke miguuni pa wakwe. Chupa za Fanta zilisafiri zenyewe kwenye meza ndogo. Olivier alizishika kwa mikono miwili, maskini, muda wote.

Maman Georgine ni mama mnene mwenye kitenge cha kijani na miwani. Hakulalamika. Alishika ukingo wa benchi kwa mkono mmoja na kututazama juu ya magoti yake. Alikuwa anatuhesabu. Nyumba, paa, pazia la mlango, viatu vya Papa. Alipotosheka alikatiza maneno ya msemaji wao wenyewe.

"Papa Furaha," akasema, "fundi mwenye alitengeneza hii banc ni nani?"

"Ni mimi, Maman."

"Na hii miguu?"

Nilikuwa mlangoni na sinia ya glasi. Papa hakugeuka kunitazama.

"Ni mimi pia."

"Iko muzuri," akasema. "Siku ya kuleta ngombe, tutakuya na viti yetu."

Kijana mmoja wa upande wao alicheka puani. Wengine walitazama chini. Papa alisema, "Karibuni sana," na akainamishwa tena na benchi yake.

Nilirudi ndani na sinia yangu. 

Jumapili, 19 Oktoba

Namchukia Maman Georgine. Namchukia kitenge chake, miwani yake, na jinsi alivyosema *iko muzuri*. Anafikiri kuwa na geti la chuma ni elimu. Mtu hawezi kuingia kwa mtu mwingine, akanywa Fanta yake, akamwambia mbele ya binti zake kwamba hana hata mahali pa kuketisha watu.

Furaha amelia tangu jana. Wamekubali kuendelea, siku ya ng'ombe imewekwa, tarehe nane ya mwezi ujao. Si hilo. Anasema wakija na viti vyao, Nkafu nzima itawaona wakivipandisha, na yeye ataingia kwenye nyumba ile kama msichana wa viti. Kila Noeli watamkumbusha. Na Papa hataweza kukanyaga Muhumba maisha yake yote.

Nilifungua kurasa za nyuma. Nikasoma nilichoandika tangu tarehe nne. Maman Georgine amemsema Papa kwa maneno machache kuliko mimi.

Jumanne, 21 Oktoba

Nilimwambia Papa, tukiwa peke yetu uani, kwamba miguu ilikuwa kazi yangu na angeweza kusema hivyo. Alikuwa anang'oa mto mmoja uliokwama kwenye msumari.

"Hesabu yako ilikuwa muzuri," akasema. "Ni batu ndio balihama."

 Nikaanza kumweleza mpango: miguu inayoweza kurefushwa na kufupishwa, yenye matundu na pini za chuma. Nilikuwa nimekwisha kuichora. Papa aliitazama michoro kwa heshima, halafu akatazama uwanja. Akasema ni rahisi zaidi kuondoa mlima.

Anataka kuchimba upande wa juu, udongo autupe upande wa chini, uwanja uwe sawa. Upande wa chini utazuiwa na magunia ya udongo na mbao za koferaji. Nikamwambia udongo wa kumwaga haushikani upesi, na huu ni msimu wa mvua. Akasema atautwanga. Ameshindwa na benchi, sasa anashindana na kilima.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumechimba wiki nzima baada ya shule. Mikono yangu haifungi. Papa na jembe, mimi na beleshi, Mama anashona magunia kwa kamba. Furaha anasaidia akiwa na glavu.

Majirani wanakaa kwenye benchi zetu na kututazama tukichimba. Wamezisogeza pembeni, wakazitilia matofali, wanakula karanga. Mmoja ameuliza kama tunachimba dhahabu. Mwingine akamjibu kwamba tunachimba handaki la kumfichia mkwe. Wamecheka sana. Ndivyo walivyo, wana pumzi ya kucheka tu.

Upande wa juu udongo ni mgumu kama ukuta, jembe linaruka. Upande wa chini tunamwaga na kumwaga, haujai. Mvua ya jana ilichukua magunia mawili hadi kwenye paa la jirani. Papa alikwenda kuomba radhi, akarudi na magunia, akayaweka tena.

Amekonda. Hapumziki. Sielewi anavyoweza kuamka asubuhi na furaha hiyo.

Jumatano, 29 Oktoba

Uwanja uko karibu sawa. Nimepima kwa mpira wa maji mara nyingi, Papa akishika ncha ya pili.

Tumeng'oa miguu yote ya benchi. Haikuwa na faida tena, hakuna mmoja uliolingana na mwingine. Badala yake kila benchi sasa imelalia mbao mbili ndefu za koferaji, bapa. Zimekuwa fupi sana. Mama anasema zinafanana na za kupigia magoti kanisani. Papa anasema ni mtindo. Kama ni mtindo, ni wa watu wenye miguu mifupi.

Lakini hazichezi. Ziweke popote, zigeuze, hazichezi.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua tangu saa sita. Nilirudi nimelowa hadi kwenye vitabu. Papa alikuwa uani na shitingi, turubai la plastiki, kichwani, anatwanga udongo wa upande wa chini kwa kipande cha mti. Maji yalikuwa yanaruka kila akipiga. Magunia yameshika. Udongo juu umekuwa kama ugali.

Nilimwambia anajisumbua, anatwanga supu. Halafu nikachukua kipande kingine cha mti.

Jumamosi, 8 Novemba

Walikuja.

Pikapu haiwezi kufika kwetu, njia ni nyembamba mno, basi iliwaacha chini barabarani. Kutoka pale vijana wao walibeba viti vichwani, vyeupe, vipya, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Nyuma ya viti ng'ombe, amefungwa kamba, hataki kupanda. Nyuma ya ng'ombe Maman Georgine, taratibu, na kitenge cha njano. Nkafu nzima ilitoka nje. Wanawake waliacha kufua. Kila mtu aliviona viti.

Papa alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Aliona viti vinapanda, akarekebisha tai, akasema tufungue ua.

Walipanga viti vyao wenyewe. Benchi zetu walizisogeza hadi ukutani, moja moja, kwa adabu, kama mtu anayesogeza vyombo vichafu ili apate mahali pa kuweka sahani yake. Tonton Bahati alikuwa tena na desturi zake: waombaji chini. Basi wakwe wakaketi upande wa chini, sisi juu. Maman Georgine alitazama uwanja uliosawazishwa.  Akakunja kitenge, akakaa.

Hotuba. Ng'ombe akasifiwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni tena, na ndiyo maana niliona kabla ya wengine.

Viti vilikuwa vinazama.

Miguu ya plastiki ni myembamba, na chini yake kulikuwa na udongo wetu wa kumwaga, uliokunywa mvua ya wiki nzima. Ilianza miguu ya nyuma. Msemaji wao alikuwa anaongea na huku anashuka. Wazee wawili walitazamana. Kijana yule aliyecheka puani mwezi uliopita alijaribu kuinua kiti chake akiwa amekikalia, mguu mmoja ukatoka, mwingine ukaingia wote, akaanguka ubavu kwenye matope na shati jeupe. Maman Georgine alishuka polepole kuliko wote na zaidi ya wote. Alishika kiti kwa mikono miwili. Akasogea, kikazama. Akatulia, kikazama. Magoti yake yalikuwa yanapanda kuelekea kidevu, na juu ya magoti alitutazama tena, lakini miwani ilikuwa imeinama na hakuwa anatuhesabu. Aliogopa. Kwenye ua majirani walikuwa wamekwisha kuanza kunong'ona, na mahali fulani mtu alicheka.

Nilikuwa nimeisubiri siku ya namna hii. Nilikuwa nimeipanga kichwani tangu tarehe kumi na nane, kwa maneno yote. Nilimtazama Papa ili tucheke pamoja.

Papa hakuwa anacheka. Alinitazama na kutikisa kichwa kidogo kuelekea ukutani.

Mimi sitembei mbele ya watu. Wote nyumbani wanajua. Darasani nikiitwa ubaoni napita kando ya ukuta. Nilipita katikati ya uwanja, mbele ya wakwe, mbele ya ng'ombe, mbele ya Nkafu iliyoning'inia kwenye ua. Nikashika ncha moja ya benchi, Papa akashika nyingine. Tukaibeba hadi karibu na Maman Georgine, tukaiweka. Ililala kwenye udongo juu ya mbao zake bapa, haikwenda popote.

Papa alimpa mkono.

"Ikala huku, Maman. Hii haizami."

Alikuwa mzito, Papa alimvuta kwa nguvu zote. Aliketi. Alirekebisha miwani, akakunjua kitenge, akabonyeza mto kwa kiganja. Alijisogeza kushoto, halafu kulia, kama mtu anayetafuta kosa. Uwanja mzima ulimngoja. Msemaji alikuwa amesimama, kiti chake kimebaki nyuma yake kama kisiki.

Maman Georgine aliwatazama vijana wake.

"Mulete na zingine," akasema.

Jumapili, 9 Novemba

Furaha ameolewa kwa desturi. Imebaki ndoa ya serikali kwenye komini, na kanisa. Leo aliimba jikoni, vibaya.

Tonton Bahati amerudi Walungu. Kabla ya kuondoka alieleza mtaa mzima jinsi alivyowaketisha wakwe upande wa udongo laini kwa makusudi. Mtaa unaamini kwamba Papa naye alipanga. Wanamsalimu kwa kicheko, wanamwita Ingénieur. Papa anakana kila mara, anaeleza kuhusu mvua. Mimi ningekubali na kuwaacha hivyo.

Maman Georgine alipoondoka alimwambia Papa asante. Si zaidi. Mimi hakuniambia kitu, na mimi sikumwambia. Viti walivibeba vikiwa na matope hadi nusu. Bado simpendi.

Alhamisi, 13 Novemba

Sina shule mchana. Nimekaa uani na kitabu cha fizikia. Mvua imesita, udongo umeanza kukauka na kushikana.

Watoto wa mtaa wameugundua uwanja wetu. Walichungulia kwanza kupitia ua, halafu mmoja akaingia, halafu wote. Wana mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba. Hapa Nkafu mpira ukikuponyoka unaukimbiza hadi barabarani, na kama huna bahati, hadi mtoni. Kwa hiyo wote wanacheza wamegeuza miguu kuelekea bonde, tayari kukimbia.

Wana kelele. Sikuwafukuza. Papa alikuwa amesinzia ameegemea ukuta, mdomo wazi, na gazeti la zamani usoni.

Mmoja alipiga mpira vibaya. Ukawapita wote, ukabiringika kuelekea upande wa chini, na mdogo wao kabisa akaanza kukimbia kuufuata, amekwisha kuinua kaptula kwa ajili ya safari. Mpira ukapunguza mwendo. Ukasimama wenyewe, katikati ya uwanja.

Mtoto naye akasimama. Aliutazama muda mrefu.